Mawe ya Chokaa Ndani ya Sikio: Kalsiamu Inavyoshika Usawa wa Mwili

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika kila siku katika zahanati na maduka ya dawa, kizunguzungu huenda ndicho kinachopachikwa sababu nyingi zaidi kabla hakijachunguzwa, kwa kuwa mgonjwa akikitaja tu huambiwa kwamba presha imepanda au imeshuka, damu imepungua, malaria haijatoka mwilini, na akirudi nyumbani wapo watakaomtajia jirani mwenye kijicho. Nyingi ya sababu hizo zipo kweli na hazifai kupuuzwa. Hata hivyo, kiko kizunguzungu cha aina moja chenye tabia zake mahususi, ambacho humshika mtu anapojigeuza kitandani, anapoinua uso kuangalia kitu kilicho juu ya kabati, au anapoinama kufunga kamba za viatu. Chumba huzunguka kwa nguvu kwa muda ambao kwa kawaida haufiki dakika moja, kisha hutulia, na mtu asipokitikisa kichwa hujiona mzima kabisa. Chanzo chake hakimo moyoni wala katika damu, bali ni chembe za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio, na anayetaka kujua kwa nini zimehama hana budi kufuatilia namna mwili unavyoipata, unavyoihifadhi na unavyoipoteza kalsiamu, yaani madini yaleyale yanayojenga mifupa na meno.

Sikio la ndani limejificha ndani ya mfupa wa fuvu ambao ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini, na humo mna viungo viwili vyenye kazi tofauti vinavyotumia majimaji ya aina moja. Cha kwanza ni koklea, kiungo kilichojikunja mfano wa konokono, ambacho hupokea sauti. Cha pili ni kiungo cha usawa, chenye mifereji mitatu ya nusu duara iliyoelekea pande tatu tofauti, pamoja na vifuko viwili viitwavyo utrikuli na sakuli. Mifereji hutambua mzunguko wa kichwa, kwa sababu kichwa kinapogeuka majimaji yaliyomo huchelewa kukifuata na hivyo kusukuma kipazia laini kiitwacho kupula, nacho huinamisha vinyweleo vya seli za hisi zilizo chini yake. Vifuko vina kazi nyingine, nayo ni kuhisi mvutano wa dunia na mwendo wa moja kwa moja, kama ule wa basi linaloondoka kituoni au lifti inayoshuka ghafla, na kwa kazi hiyo vinahitaji kitu chenye uzito.

Uzito huo hutokana na otokonia, yaani fuwele ndogondogo zilizotandazwa kwa maelfu juu ya utando wa utepetepe ndani ya vifuko hivyo viwili. Ikitazamwa kwa hadubini ya elektroni, kila fuwele huonekana imenenepa katikati na kuchongoka ncha zote mbili, na hata zile kubwa zina urefu wa takriban mikromita 30 tu, ambazo ni sehemu tatu za mia za milimita moja. Zimeundwa kwa kalsiamu kaboneti, mchanganyiko uleule wa kikemia uliomo katika mawe ya matumbawe yaliyojengea Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na nyumba za kale za Lamu, ila katika sikio mwili umeupanga kwa ustadi kuzunguka kiini cha protini, ambazo iliyo kuu miongoni mwake huitwa otokonini 90. Sentimita moja ya ujazo wa fuwele hizo ina uzito wa gramu 2.7 hivi, zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wa majimaji yanayozizunguka, na ndiyo maana kichwa kinapoinama huteleza kidogo kuelekea chini, zikavuta utando, utando ukavuta vinyweleo, na ubongo ukapata habari za upande ulio chini. Samaki nao wana mawe ya namna hiyo, makubwa kiasi kwamba anayepasua kichwa cha changu anaweza kuyaona kwa macho, na wataalamu wa uvuvi huhesabu pete zake ili kujua umri wa samaki.

Kuzijenga fuwele hizi ni kazi ngumu, kwa kuwa majimaji yanayozizunguka, yaitwayo endolimfu, ni maskini wa kalsiamu. Katika damu, na pia katika perilimfu ambayo ni majimaji ya nje yanayofanana na damu kwa chumvi zake, kalsiamu iliyo huru hukaribia au kupita mikromoli 1,000 kwa lita. Katika endolimfu ya koklea hushuka hadi karibu mikromoli 20, na katika endolimfu ya kiungo cha usawa huwa mia mbili na kitu. Tofauti hiyo haikujitokeza kwa bahati. Kuta za mifereji zina seli zinazofyonza kalsiamu kupitia milango ya protini kisha kuitupa nje, na seli za hisi zenyewe zina pampu zinazoisukuma kalsiamu irudi kwenye endolimfu palepale fuwele zinapohitaji kujengwa. Wataalamu walipowachunguza panya ambao jeni ya pampu mojawapo, iitwayo PMCA2, imeondolewa, waliwakuta viziwi, wanaoyumba wanapotembea, na wasio na otokonia kabisa, jambo linaloonyesha kwamba chakula chenye kalsiamu tele hakimfaidii kiumbe ambaye pampu ya kuyapeleka madini hayo mahali pake haifanyi kazi. Kinyume chake, pale ambapo protini iitwayo pendrini haipo, endolimfu huwa na asidi zaidi, milango ya kufyonza kalsiamu hufungwa na asidi hiyo, kalsiamu hujaa, na badala ya maelfu ya fuwele ndogo hujengeka mawe machache makubwa yasiyoweza kufanya kazi iliyokusudiwa.

Umaskini huo wa endolimfu una manufaa yake. Katika majaribio ya maabara, fuwele zilizotolewa katika masikio ya vyura na kuwekwa kwenye majimaji yenye kalsiamu kidogo ziliyeyuka, na zilipowekwa kwenye majimaji yenye kalsiamu nyingi zaidi zilichukua muda mrefu zaidi kuyeyuka. Kwa hiyo chembe iliyochomoka na kutangatanga mahali pasipo pake huweza kuyeyuka yenyewe, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi kupona kizunguzungu hiki bila tiba yoyote baada ya siku au majuma kadhaa.

Kalsiamu haiishii kuwa jiwe tu, kwani hutumika pia kupeleka habari. Vinyweleo vya seli za hisi vimefungamanishwa kwa nyuzi nyembamba mno zinazofungua na kufunga milango iliyo nchani, na nyuzi hizo hukaza pale tu zinaposhikwa na kalsiamu. Ikiondolewa, hulegea na kukatika. Kwenye kitako cha seli, kalsiamu inayoingia ndiyo inayoamuru kemikali ya glutamati imwagwe ili neva ipate habari. Hapa panafaa kutajwa dawa ya streptomisini, ambayo wagonjwa wengi wa kifua kikuu waliokuwa wakirudia matibabu walidungwa kwa miaka mingi, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2017 kwamba mpango huo wa dawa uachwe. Dawa hiyo na ndugu zake, ikiwamo gentamisini, hupenya kwenye seli za hisi kupitia milango ileile ya vinyweleo, na kalsiamu huzizuia kupita. Kwa kuwa endolimfu ina kalsiamu kidogo, kizuizi ni hafifu, na aliyeharibiwa seli hizo hubaki akiyumba gizani maisha yake yote. Kuyumba huko ni kwa namna nyingine kabisa na hakuondolewi kwa tiba itakayoelezwa hapa chini.

Mwili wa mtu mzima hubeba kalsiamu ya takriban kilo moja, ambayo asilimia 99 imo katika mifupa na meno, na kiasi kidogo kinachobaki hulindwa kwa ukali usio wa kawaida. Kalsiamu ya damu ikipungua hata kidogo, tezi nne ndogo zilizo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, ziitwazo parathiroidi, hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani, kuizuia isipotee kwenye mkojo, na kuziamuru figo zikamilishe utengenezaji wa vitamini D, ambayo nayo huufanya utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka katika chakula. Vitamini D huanzia kwenye ngozi iliyopigwa na jua, hupitia kwenye ini, na humalizikia kwenye figo. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba sikio nalo husikiliza amri yake, kwani katika seli za mifereji ya usawa ya panya, vitamini D iliyokamilika huongeza ile milango inayofyonza kalsiamu kutoka kwenye endolimfu. Mifupa ikipungukiwa, basi, si ajabu chembe za sikio nazo zikaathirika.

Umri unapokwenda, fuwele huota mashimo na nyufa, nyuzi zinazozishikilia hulegea, na vipande huchomoka. Vipande vya utrikuli huangukia kwa urahisi zaidi katika mfereji wa nyuma, kwa sababu ndio ulio chini kabisa mtu akiwa amesimama au amelala chali. Vikishaingia humo, kila mtu anapolala au kugeuka huporomoka kwa uzito wake, huyavuta majimaji, majimaji huisukuma kupula, na ubongo huamini kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia.

Historia ya kuelewa jambo hili ni ndefu na ina vituko vyake. Robert Bárány, daktari mzaliwa wa Vienna, aligundua kwamba maji ya moto au ya baridi yakimiminwa sikioni huamsha kizunguzungu, akaligeuza jambo hilo kuwa kipimo, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 ilimkuta akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi, ambako hakuachiwa hadi mwaka 1916 baada ya Mwanamfalme Carl wa Sweden kumwombea. Mwaka 1921 ndiye aliyeeleza kwa uwazi kizunguzungu kinachoamshwa na mkao wa kichwa. Margaret Dix na Charles Hallpike, wa London, walikipangia kipimo mwaka 1952: mgonjwa huketi kitandani, kichwa chake hugeuzwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha hulazwa kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda, na daktari humtazama macho. Ikiwa chembe zimo kwenye mfereji wa upande huo, sekunde chache hupita pasiwe na kitu, kisha macho huanza kucheza kwa kujizungusha na kuruka kuelekea juu, huendelea kwa nusu dakika hivi, halafu hutulia. Asiyepata kuyaona macho hayo atashangaa kwamba ugonjwa wa kiungo kilichozikwa ndani ya fuvu unaweza kusomwa waziwazi hivyo bila mashine yoyote.

Waliopima walikuwa bado hawana tiba. Mwaka 1969 Harold Schuknecht wa Marekani alieleza kwamba chembe zilizong'oka hung'ang'ania kwenye kupula, wazo lililokuwa sahihi kwa sehemu tu, kwa kuwa baadaye ilibainika kwamba mara nyingi huwa zinaelea huru ndani ya mfereji. John Epley, daktari wa masikio wa Portland katika jimbo la Oregon, alifikiri kwamba kitu kilichoingia kwa uzito wake kinaweza kutolewa kwa uzito huohuo, akabuni namna ya kukigeuza kichwa hatua kwa hatua hadi chembe zirudi kwenye utrikuli. Alipowaonyesha wenzake mwaka 1980 wengi walimdhihaki, na makala yake iliyoieleza tiba hiyo kwa ukamilifu haikutoka hadi mwaka 1992. Leo ndiyo tiba ya kwanza duniani kote, na kosa la waliomcheka linaeleweka: ilikuwa vigumu kuamini kwamba maradhi yaliyowatesa watu kwa miezi yangeondoka kwa dakika tano bila kidonge wala kisu.

Kwa mgonjwa mwenye chembe katika sikio la kulia, mambo huenda hivi. Huketi amenyoosha miguu kitandani, kichwa kimegeuzwa nyuzi 45 kuelekea kulia, kisha hulazwa chali haraka kichwa kikishuka kidogo chini ya usawa wa kitanda, na hapo kizunguzungu humshika kwa nguvu hata akamshikilia tabibu mkono. Huachwa hivyo hadi kitulie, kama nusu dakika au zaidi. Kichwa hugeuzwa polepole nyuzi 90 kwenda kushoto, na husubiriwa tena. Kisha mwili mzima hulalia ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafuni, na hapo mara nyingi kizunguzungu kidogo hurudi, dalili kwamba chembe zinaendelea na safari. Mwisho huinuliwa taratibu akaketi, miguu ikining'inia upande wa kushoto. Takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hupona kwa kufanyiwa hivyo mara moja au mara chache. Vidonge vya sinarizini na prokloperazini, ambavyo huuzwa kwa wingi na kumezwa kwa majuma, hupunguza kichefuchefu lakini havina uwezo wa kuhamisha chembe hata moja, na kwa mzee huongeza usingizi na hatari ya kuanguka.

Tatizo ni kwamba chembe hurudi. Baada ya miaka kadhaa, karibu nusu ya waliopona huwa wameugua tena, na hapo ndipo kalsiamu inaporudi kwenye hoja. Madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, wakati homoni ya estrojeni inaposhuka na mifupa kuanza kupoteza madini. Mwaka 2009 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba wagonjwa wa kizunguzungu hiki walikuwa na mifupa hafifu mara nyingi zaidi kuliko watu wengine wa rika lao, na miaka michache baadaye wakaonyesha kwamba vitamini D yao nayo ilikuwa chini. Kabla ya hapo panya waliotolewa ovari, ambao mifupa yao ilidhoofika, walikuwa wamekutwa na fuwele chache zaidi na kubwa kupita kawaida.

Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kimoja husababisha kingine, kwa kuwa uzee peke yake unaweza kuleta vyote viwili. Ndiyo maana jaribio lililochapishwa mwaka 2020, pia kutoka Korea Kusini, lina uzito wa pekee. Wagonjwa wapatao elfu moja wa hospitali nane, waliokwisha kutibiwa kwa kugeuzwa vichwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipimwa vitamini D, na waliokuwa na chini ya nanogramu 20 kwa mililita walipewa yuniti 400 za vitamini D pamoja na miligramu 500 za kalsiamu kaboneti mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, kundi la pili lilifuatiliwa tu. Kizunguzungu kilirudi mara 0.83 kwa mtu kwa mwaka katika kundi la kwanza, na mara 1.10 katika la pili, tofauti ya asilimia 24. Si tofauti ndogo, wala si muujiza, na msomaji mkali atauliza kwa nini kundi la pili halikupewa kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha kwa haki. Juu ya hayo, walionufaika ni waliokuwa na upungufu. Mtu mwenye vitamini D ya kutosha anayejimezea kalsiamu kwa kuhofia kizunguzungu hana ushahidi wa kumuunga mkono, na akizidisha anaweza kujipatia mawe ya figo badala ya kuyatuliza yale ya sikio. Vivyo hivyo, hofu ya wagonjwa wengine kwamba kula vyakula vyenye kalsiamu kutaongeza mawe sikioni haina msingi, kwa maana mawe hayo hayatoki moja kwa moja kwenye sahani.

Kwa Afrika Mashariki swali la vitamini D lina sura yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha nanogramu 20 kilichotumiwa na Wakorea, ambacho ni sawa na nanomoli 50. Lakini jua la ikweta humfaa anayekutana nalo. Karani anayeingia ofisini alfajiri na kutoka jioni, mama anayejisitiri mwili mzima na kushinda ndani, mzee asiyetoka chumbani kwa maumivu ya magoti, na Mswahili aliyehamia Uingereza au Kanada ambako majira ya baridi jua halina nguvu ya kutosha, hao wote wanaweza kupungukiwa. Kwa upande wa chakula, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa, mabichi au mgando, hutoa kalsiamu nyingi kwa bei ambayo kidonge hakiwezi kushindana nayo, ilhali mchicha, pamoja na kalsiamu yake, una oksaleti inayoyashika mengi ya madini hayo yasifyonzwe.

Mtu anayepatwa na kizunguzungu cha kujigeuza kitandani na amueleze tabibu kwa usahihi ni mkao gani unaokiamsha na hudumu kwa muda gani, na aombe kulazwa na kutazamwa macho kabla ya kuandikiwa dawa. Aliyepita umri wa kukoma hedhi, au ambaye kimemrudia mara mbili au tatu, aombe pia kupimwa vitamini D na nguvu ya mifupa. Mwenye maumivu ya shingo au mishipa ya shingo iliyoziba asijigeuze kichwa nyumbani kwa kufuata video za simu. Kizunguzungu kisichokatika kwa saa nzima, au kinachoandamana na kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda, upande mmoja wa mwili kulegea au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, si cha mawe ya sikio; huenda ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.